Mukono Imepona

Mimi ni fundi wa mikono ya pikipiki. Wako mafundi wa injini, wako wa magurudumu, na wako wale wa mjini Mbarara wanaojiita mafundi wa kila kitu, ambao ukiwaachia piki yako asubuhi, jioni unakuta boliti mbili zimebaki chini na wao wanakuambia hazikuwa na kazi. Mimi kazi yangu ni usukani na vile vyuma viwili vinavyokaa mbele ya vidole vya dereva, cha kulia cha breki na cha kushoto cha klachi. Kwetu Kivu Kusini usukani tuliuita gido, Kifaransa kilichochakaa, na kila kimoja cha vile vyuma tulikiita mukono. Mukono ya kuume, mukono ya kushoto. Shika vizuri neno hilo, maana ndilo lililotuharibia maisha.

Tena ujue kwamba sisi Wakongo hatujisumbui na hesabu za watu wa pwani, huu na hii, umevunjika na imevunjika. Kwetu mukono iko, pikipiki iko, mutoto iko, na Mungu iko. Kila kitu kiko, basi. Nilikuwa nikijivunia wepesi huo na kuwacheka watu wanaoumiza ulimi bure. Sicheki tena.

Nina mkubwa wangu mmoja wa kiume, wa tumbo moja. Ninamwita yaya. Watu wa pwani watacheka hapo pia, kwani kwao yaya ni mtu wa kulea watoto wa wengine. Na wacheke, huyu alinilea kweli. Mwaka wa tisini na sita, tulipokimbia, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na yeye kumi na tisa. Mtu mmoja alinyanyua panga juu ya kichwa changu na yaya akaweka mkono wake wa kushoto katikati. Sitasema zaidi ya hapo. Panga lilikuwa langu, likaenda kwake. Kidole cha mwisho na cha pete vilikwenda siku ileile, na cha kati kikabaki kigumu, hakikunjiki wala hakinyooki. Vilivyobaki vizima ni kidole gumba na cha shahada.

Tulizunguka miaka kabla ya kuingia Uganda. Pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, tulipoandikishwa, karani aliutazama ule mkono akaandika kitu, na ndugu zangu, tangu siku ile mkono wa yaya haukuwa wake peke yake tena. Ulikuwa umeingia kwenye faili. Tukapewa kiwanja Juru, humohumo kambini, tukapanda maharage na mahindi kama kila mtu. Jembe lina mpini mmoja, lakini jaribu kulima na mkono mmoja na nusu utaona. Yaya alifunga mpini kwenye kifundo kwa kitambaa, na kila jioni mke wake alimfungua kitambaa kikiwa kimelowa damu. Hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa niaba yake, kwa sauti, mpaka majirani wakachoka na mimi.

Nilipokuwa mtu mzima nikaenda Ruti, pale barabara ya Kabale inapotoka Mbarara, nikajifunza ufundi kwa Mnyankole mmoja aliyekuwa mkali sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba pikipiki imetengenezwa kwa mtu mmoja ambaye hayupo popote. Mtu huyo ana mikono ya urefu fulani, vidole vya urefu fulani, mgongo usiochoka. Waendeshaji wote wengine wanaumia, kila mmoja kwa namna yake, na wanadhani kuumia ndiyo kuendesha. "Sebo," aliniambia, yaani bwana, "usimukunje mutu. Kunja chuma."

Na karakana ile ilikuwa na lugha yake. Piki ikija mbovu ni mgonjwa. Mwenyewe akija kuuliza, anauliza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Tunajibu, "Amelazwa," au, "Tumempasua leo," na kazi ikiisha tunasema, "Amepona, njoo umchukue." Kila mtu anacheka. Nilirudi Juru na lugha hiyo mdomoni, nikafungua kibanda changu, na baada ya mwaka Juru nzima ilikuwa inasema hivyo. Breki imepona. Mukono imepona. Hata mwalimu wa Jumapili alisema taa ya kanisa imepona.

Basi yaya akauza mahindi na mbuzi, akaleta pikipiki kuukuu ya Kihindi ili abebe watu na mizigo badala ya kulima. Alinionyesha akiwa anang'aa uso. Nikamtazama, kisha nikatazama klachi. Klachi ya piki zile ni nzito, inataka vidole vinne. Alipanda, akaivuta kwa kile kidole kimoja, ikafika nusu na kumtoroka. Piki ikaruka mbele ikaingia kwenye maharage ya jirani, yaya akabaki chini amekaa. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikakasirika na wote waliocheka.

"Lete hapa," nikamwambia. "Nitafanya ikutii."

"Chuma inamutii nani?" akasema. "Hata jembe haikunitii."

Nilimwekea mkono juu ya ubao nikauchora kwa kaa, kila kidole, na pale ambapo vidole havipo nikachora kovu. Ubao huo niliupigilia ukutani kwenye kibanda. Halafu nikaanza. Mukono wa kwanza niliukunja ule wa kiwandani, tena ukiwa baridi, nikijua kabisa kwamba alumini ile haikunjwi baridi. Haraka yangu. Ukakatika kama muhogo. Wa pili niliufua mwenyewe, kutoka chuma cha stendi ya baiskeli, nikausogeza karibu mno na mshikio. Ulikuwa mwepesi, yaya akafurahi, kumbe ukivutwa wote bado hauachi klachi sawasawa, piki inatambaa yenyewe. Ilimpeleka palepale kwenye maharage. Jirani akaja kuniuliza kama maharage yake yana sumaku.

Wa tatu ndio uliokuwa mukono. Niliupa tumbo ili ukae karibu na kidole bila kuleta shida ya ule wa pili. Kwenye ncha niliuponda ukawa bapa, wenye upana wa kidole gumba, na nikauwekea ndoano ndogo ili kidole kisiteleze mvua ikinyesha. Nikaufungulia kibano chake kwenye usukani na kukisukuma ndani, upana wa vidole vinne, ili yaya avute kwenye ncha, pale ambapo nguvu kidogo inatosha. Kule chini kwenye injini, waya unapofungwa, nikaongeza urefu wa kijichuma kinachovutwa nao. Waya wenyewe niliunywesha mafuta, nikauvuta na kuuachia, nikauvuta na kuuachia, siku mbili nzima, mpaka ukalainika. Usukani nao niliujaza mchanga mkavu, nikaziba ncha kwa mbao, nikauweka kwenye makaa na kuuvuta uje nyuma, ili kifundo cha mkono wake kikae kimenyooka. Mchanga lazima uwe mkavu. Ukiwa na maji, moto unaufanya utoke kwa kishindo na kukutoa macho. Mshikio niliuzungushia mpira wa tyubu ili unenepe, ule mkono wenye upungufu upate kitu cha kujaza.

Yaya alipanda. Akavuta kwa vidole viwili, kile cha shahada na kile kigumu kikisindikiza tu. Ikaja yote. Akaachia polepole, piki ikaondoka polepole, ikapita yale maharage bila kuyatazama. Alikwenda mpaka Mbarara na kurudi. Tulimsubiri barabarani, mke wake, watoto wake wanne, mimi, na nusu ya Juru. Aliporudi alizima injini, akanipa mkate aliouleta, akaingia ndani kula. Hakusema asante. Yaya si mtu wa asante, na mimi sikuihitaji. Nilikuwa nimemrudishia alichonipa. Ndivyo nilivyodhani, mpumbavu mimi.

Baada ya hapo walikuja wote. Mwanamke mmoja mwenye duka, mikono midogo, nikamsogezea breki na klachi zote mbili. Mzee wa boda kutoka Mbarara ambaye vidole vyake vilivimba asubuhi. Mrefu mmoja aliyekuwa anaendesha amejikunja, nikampandishia usukani, akaniambia mgongo wake umerudi kutoka likizo. Nilikuwa na jina. Na jina linalevya kuliko pombe ya ndizi.

Sasa ile faili. Kila mtu kambini anajua jambo hili: kuna watu wanaoitwa, wanahojiwa, wanapimwa, wanasafirishwa kwenda kuishi nchi za mbali. Si wengi. Na njia mojawapo ya kuitwa ni ulemavu wa vita. Yaya aliitwa kwa sababu ya mkono wake. Alihojiwa mara ya kwanza, akahojiwa mara ya pili, na mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili akaambiwa imebaki hatua moja, watu watafika nyumbani kuona hali. Alinunua viatu vya watoto. Nilimuuliza anataka nini huko, akaniambia, "Ninataka kuishi fasi ambayo watoto yangu batafunga mulango na balale." Hakutaja gari wala nyumba ya kioo. Nilimwonea huruma nikataka kumkumbatia, lakini sisi hatukumbatiani.

Siku walipokuja, yaya alikuwa amekwenda kanisani kusaidia kuezeka, kwa miguu, kwa sababu waya wa klachi ulikuwa umekatika. Piki ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimeweka waya mpya, nimeupa mafuta, nimemaliza dakika hiyohiyo, nina grisi mpaka viwikoni na ninajipenda. Gari jeupe likasimama. Akashuka mama mmoja wa ofisi, mgeni asiyejua Kiswahili, na mkalimani wake, Mganda, mtu mpole, mwenye Kiswahili kile cha askari na sokoni. Walikuwa wameelekezwa kwa mdogo mtu. Mkalimani akauliza kama hii ni piki ya yaya. Nikasema ndiyo. Yule mama akaja, akaitazama, akaweka mkono wake juu ya ule mukono wangu wa chuma. Akaushika hasa. Akasema kitu kwa lugha yake, na mkalimani akaniuliza:

"Mukono ya ndugu yako sasa iko namna gani?"

Jamani. Ungekuwa wewe, na kazi ya mikono yako imeshikwa na mgeni, ungesikia nini?

"Imepona!" nikasema. "Ile mukono imepona kabisa!"

"Kabisa?"

"Kabisa! Haina tena shida. Anavuta na vidole viwili tu, inakuja yote. Anafika Mbarara na anarudi, hata mara mbili kwa siku."

"Nani aliponya?"

"Mimi hapa!" Na nikajipiga kifua, nikaacha alama ya grisi kwenye shati.

"Na dawa gani?"

Nikacheka. Nilidhani anatania, kama tulivyotaniana Ruti. "Dawa? Mafuta kidogo tu," nikamwambia. "Mafuta, na kuvuta polepole, kuvuta na kuachia, siku mbili, mpaka ikalainika."

Mkalimani akamweleza. Yule mama akatabasamu, tabasamu zuri la mtu aliyefurahi kwa ajili yako, akaandika. Aliandika sana. Nikamwonyesha na ubao wangu ukutani ili ajue nilivyopima. Akautazama kwa heshima. Wakanishukuru wakaondoka bila hata kumngoja yaya, na mimi nikawapungia.

Miezi ikapita. Karatasi ikabandikwa ofisini, jina la yaya halipo, akaenda dirishani kuuliza. Walimsomea. Mkono wa kushoto ulipona kwa kusuguliwa mafuta nyumbani na mdogo wake, ambaye mwenyewe amethibitisha. Mhusika anaendesha pikipiki hadi Mbarara. Ombi limefungwa.

Alikuja kwenye kibanda changu kwa mwendo wa polepole, akasimamisha piki, akabaki ameikalia.

"Uliambia ule mama nini?"

Nikamweleza, neno kwa neno, nikiwa bado sijaelewa. Nilipofika kwenye mafuta, nikaelewa. Nilisikia maneno yangu mwenyewe kwa sikio la mtu mwingine.

"Yaya, nilisema hii," nikamwambia, nikishika klachi. "Hii! Mukono ya piki!"

Akautazama ule mukono. Akautazama ule wake. Akacheka, nawaambia kweli, akacheka mpaka akaweka kichwa juu ya usukani, na mimi nikaanza kucheka naye kwa woga. Alipoinua uso hakuwa anacheka.

"Ulisema imepona," akasema. "Aya."

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu haukuponza kichwa changu. Hicho kilishaokolewa zamani. Uliponza cha aliyekiokoa.

Kesho yake niliuchukua mukono wa pili, ule wenye kosa, maana wa tatu ulikuwa kwenye piki, nikautia kwenye mfuko, nikaenda ofisini. Nilisimama kwenye mstari tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika nikautoa nikauweka dirishani. Nikasema, mukono kama huu ndio uliopona. Karani akautazama, akaniuliza kama ninauza. Nikaeleza tena, gido, klachi, mgonjwa, karakana ya Ruti, mukono. Watu nyuma yangu walianza kucheka. Karani naye alijizuia, kisha akashindwa.

"Banange! Sebo," akasema akifuta macho, "hapa tunaandika mukono ya mutu. Mukono ya pikipiki peleka kwa fundi."

"Fundi ni mimi!"

"Kale," akasema, maana yake sawa. "Basi umefika."

Nilitamani kumrushia kile chuma. Kwa haki yake niseme, alipomaliza kucheka alinisaidia. Alimwandikia yaya barua ya kuomba wapime upya, akaniambia wataangalia hali ya mkono watakapokuja, na watakuja bila kutoa taarifa. Nilirudi na habari hiyo mbio, nikidhani ni njema.

Yaya alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba spana ya kumi. Aliufungua ule mukono wa tatu yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, akaufuta kwa shati lake, akanikabidhi.

"Weka," akasema. "Batu ba ofisi bakikuya basinikute nikiendesha."

"Na utakula nini?"

"Nitakula kwa mukono ya muke yangu, kama kilema. Si kilema ndio banatafuta?"

Tuligombana. Nilimwambia mkono usiofanya kazi unakufa, nimeona kwa watu, hata bawaba isiyofunguliwa inashika kutu. Nilimwambia mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Yeye akaniambia neno moja tu, bila hasira: "Ufe. Ulipokuwa muzima ulinifungia mulango."

Tangu siku ile alifunga mkono kwenye kitambaa shingoni. Alikaa mbele ya nyumba, mahali ambapo gari jeupe likitokea barabarani litamwona kabla ya yeye kuliona. Hakushika kikombe kwa mkono ule, hakumshika mtoto. Mke wake alilima peke yake. Nilikwenda kuwasaidia, na yule mwanamke alinipokea kwa heshima, akanipa maji, lakini miaka ile mitatu hakunitazama usoni. Piki ilifunikwa turubai. Kuku walianza kutaga juu ya kiti chake.

Na kwa kuwa Mungu anapenda mizaha, kanisani zikaenea habari kwamba nina mafuta. Ndiyo. Kwamba nilimponya yaya kwa mafuta na ofisi yenyewe imeandika. Mama mmoja mzee aliletwa kibandani kwangu na goti lililovimba, akapandisha kitenge, akafunga macho kungoja. Nilimwambia, mama, mimi nina grisi tu. Akasema hata grisi, kwa imani. Nilimpeleka zahanati nikiwa nimembeba kwenye baiskeli, na njia nzima aliniombea. Mchungaji alimwomba yaya atoe ushuhuda. Yaya akamwinulia ule mkono ndani ya kitambaa, akamuuliza kama huo ndio ushuhuda anaoutaka. Hakuulizwa tena.

Mwaka wa kwanza nilimsihi angalau avichezeshe vidole ndani, mlango ukiwa umefungwa, katika maji ya moto. Alisema mlango una nyufa. Mwaka wa pili niliacha kusihi. Mwaka wa tatu alikuja kibandani kwangu mara moja, sijui alitaka nini, akasimama mbele ya ubao. Akautoa mkono kwenye kitambaa akauweka juu ya mchoro wangu wa kaa. Haukuujaza. Kidole cha shahada kilikuwa kimejikunja kikalala kwenye kiganja, na nyama ya pale chini ya kidole gumba, ile inayoshika, ilikuwa imekwisha. Kaa la zamani lilionekana pembeni pote.

"Umeona?" akaniambia. Nilisikia fahari kwenye sauti yake. Nikatoka nje nikaenda kuwapigia makelele wateja.

Walikuja mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Safari hii alikuja daktari, mwanamke, na mkalimani wetu wenyewe, Mkongo wa upande wetu, anayesema fasi kwa mahali na mingi kwa sana, kama sisi. Niliona gari nikakimbia. Nilikuwa na ule mukono wa tatu mfukoni, maana nilishaapa kwamba siku wakija nitawawekea mezani niwaeleze kila kitu tangu Ruti. Nilimkuta yaya amekaa, kitambaa kimefunguliwa, mke na watoto wamesimama ukutani mstari mmoja.

Daktari aliushika ule mkono kwa upole. Akauliza kitu. Mkalimani akasema, "Anasema ufungue vidole."

Yaya alijaribu. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu ninamjua, ninajua shingo yake inavyokaza akifanya kitu kweli. Hakuwa anaigiza. Alijaribu kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka kwenye nywele, na hakuna kilichosogea. Kile kidole kilichokuwa kikivuta klachi hadi Mbarara kilibaki kimelala. Mara moja tu, kwa kitambo kifupi, niliona macho yake yameshtuka. Hata yeye alidhani kimejificha tu, kwamba siku akikiita kitakuja.

Halafu akatabasamu. Miaka mitatu sikuwa nimeyaona meno yake.

Daktari aliandika. Kisha akanigeukia, na mkalimani akasema, "Na weye mudogo yake, anauliza, mukono iko namna gani?"

"Mukono gani?" nikauliza.

"Ya mutu, ndugu. Iko mukono ingine?"

Nilikuwa nimeishika ile nyingine mfukoni. Ndoano yake ndogo ilikuwa imenichoma kiganjani. Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kwamba ulikuwa mzima, kwamba niliuona ukitengeneza riziki, kwamba tuliuua sisi wenyewe, mimi kwa neno na yeye kwa kitambaa, ili uwafae ninyi mnaoandika. Watoto walikuwa wananitazama. Yaya hakunitazama.

"Imekufa," nikasema.

Mkalimani akatafsiri. Safari hii hakukosea hata kidogo.

Walipoondoka, mke wake aliketi chini pale aliposimama. Yaya aliamka, akaja mpaka kwangu, akaniwekea mkono wa kulia begani. Tulikuwa tumeshakimbia pamoja, tumelima pamoja, nilikuwa nimemfulia chuma kikamfikisha Mbarara, na hakuwahi kunitamkia neno lile.

"Asante, mudogo yangu," akaniambia.